Mazoezi Kutwa Mara Ngapi?

Dawa ya presha hutoka dirishani ikiwa na maelekezo. Mfamasia ameandika 1x1 juu ya kibahasha, na kabla hujaondoka atakuuliza kama umeelewa: kidonge kimoja, kutwa mara moja, usiruke siku. Ile dawa nyingine uliyopewa haina bahasha. Ulitajiwa chumbani kwa daktari, ukiwa umeshainuka kitini na mgonjwa anayefuata ameshaitwa: "Na ufanye mazoezi, mama." Mazoezi gani, dakika ngapi, siku ngapi kwa wiki, nani ajihadhari nayo, hakuna aliyeandika.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kliniki. Ana miaka 60 na ushee, analima mahindi na mihogo huko Korogwe, na maji ya kupikia anayabeba kichwani. Alipoambiwa hayo alimwitikia daktari kwa adabu, "Haya, baba." Tulipofika nje, chini ya mwarobaini wanapopumzikia wagonjwa, ndipo akanigeukia. "Mazoezi gani tena, mwanangu? Kwani jembe nalishika kwa mapambo?"

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Baadaye nilipoanza kusoma nikaona kwamba lile ndilo swali lenyewe, na kwamba watafiti wamekuwa wakilizunguka kwa karibu miaka 100, sehemu kubwa ya mzunguko huo ikipita hapahapa Afrika Mashariki.

Presha, au shinikizo la damu kama hospitali wanavyoliita, ni nguvu ambayo damu hutumia kusukuma kuta za mishipa inapopita. Hupimwa kwa milimita za zebaki na huandikwa kwa namba mbili: ya juu ni pale moyo unapopiga, ya chini ni pale unapotulia kati ya pigo na pigo. 120 kwa 80 haina shida. Ukipimwa siku tofauti ukakutwa kwenye 140 kwa 90 au zaidi, kliniki zetu nyingi zitakufungulia faili. Mitaani tuna majina yetu, presha ya kupanda na presha ya kushuka, na tuna imani kwamba ile ya kupanda hubisha hodi: kichwa kitauma, moyo utaenda mbio. Mara nyingi haibishi. Huingia kimya, hukaa miaka, na watu huijua siku mdomo umeenda upande au figo zimechoka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi nayo, karibu nusu yao hawajui, na theluthi mbili wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha; wa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu hivyohivyo.

Chunguzi hizohizo zina jedwali jingine ambalo halisemwi sana redioni. Katika nchi zote mbili, watu wazima wasiofikia kiwango cha kujishughulisha kinachopendekezwa walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Watu wetu wanatembea, wanalima, wanabeba. Kama kutoka jasho tu kungetosha, shangazi asingekuwa na faili.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1929 daktari aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi upande wa kusini wa Kavirondo, yaani Kisii na maeneo jirani ya magharibi mwa Kenya ya leo, alichapisha makala fupi katika jarida la Lancet. Aliwapima wanaume 1,000 na kukuta presha zao hazipandi na umri. Kwa wazee zilielekea hata kushuka. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake ndani ya miaka miwili, hakumkuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Kwa msomaji wa leo ambaye kila msiba anaohudhuria una kisa cha kiharusi ndani yake, hii inasomeka kama habari za nchi nyingine. Ni nchi ileile, vizazi vitatu vinne tu vilivyopita.

Nini kilibadilika? Jibu rahisi ni kwamba tuliacha kutembea tukakaa vitini. Kuna ushahidi wa kuliunga mkono. Watafiti waliofuatilia vijana waliotoka vijiji vya Morogoro kuhamia Dar es Salaam walikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja wanaume wanaofanya kazi za nguvu walipungua kutoka takriban wanne kati ya watano hadi mmoja hivi kati ya wanne, na uzito wa watu uliongezeka. Kuna pia Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo ukakuta wanatumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika mwendo wa kutosha kuuchangamsha moyo, wazee wakiwa hawapungui sana kuliko vijana, na dalili za hatari ya maradhi ya moyo zikiwa nadra.

Lakini kuna kisa cha Wasamburu, na ndicho kilichonizuia kushika jibu rahisi. Katika miaka ya 1960 daktari A. G. Shaper na wenzake waliwachunguza morani wa Kisamburu walioacha ng'ombe na kuingia jeshini Kenya. Hawa hawakwenda kukaa ofisini. Askari huamshwa alfajiri, hukimbia, huruka, hupiga kwata juani. Hata hivyo presha zao zilipanda kuliko za wenzao waliobaki malishoni. Kilichobadilika zaidi ni sahani: chakula cha kambini kilikuwa na chumvi ambayo mchunga ng'ombe anayeishi kwa maziwa haijui. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Presha zao zilianza kuwa juu ndani ya miezi ya mwanzo tu, kabla mtu hajapata muda wa kuota kitambi. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi, ile iliyomo kwenye chumvi, na potasiamu kidogo, na mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi. Mji uliwaingia kupitia chungu, na pengine kupitia hofu ya maisha mapya, kabla haujawaingia kupitia kiti.

Kwa hiyo anayehubiri mazoezi kama tiba pekee ya presha ajibu kwanza hoja ya wale askari. Mwili unaokimbia asubuhi na kula chumvi kutwa nzima ni mashua inayokamuliwa maji huku tundu liko wazi.

Hata hivyo ushahidi kwamba mwendo una thamani yake ni mzito, na ulianzia mahali ambapo msomaji wa Dar au Mombasa atapaelewa mara moja: ndani ya basi. London ya baada ya vita ilikuwa na mabasi ya ghorofa. Dereva aliketi zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kwa siku ya kazi. Daktari Jerry Morris alilinganisha kumbukumbu za afya za maelfu ya wafanyakazi hao, na mwaka 1953 akachapisha matokeo: makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliposhikwa hawakufa mapema kama wao. Kilichonifurahisha ni kilichofuata. Morris hakuridhika na matokeo yake mwenyewe. Akaenda kuangalia vipimo vya sare, akakuta suruali za madereva ni pana kiunoni tangu mwanzo wa kazi. Yaani huenda wanene ndio walioomba udereva. Akachapisha na hilo pia, mwaka 1956. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Sisi tuna daladala na matatu. Konda wetu hana ghorofa ya kupanda, ila huning'inia mlangoni, huruka chini, hukimbia pembeni mwa gari linaloondoka. Dereva amekaa kwenye joto la injini, anapigiwa honi, chakula chake ni chipsi za kituoni. Siku mtu akiwapima hawa wawili, nitanunua gazeti.

Sasa, mwendo hufanya nini ndani ya mshipa? La kwanza huwashangaza wengi: mazoezi hupandisha presha. Mtu anayekimbia anaweza kufika 180 au 200 kwa namba ya juu na asiwe mgonjwa. Misuli inadai damu na moyo unaitika. Namba ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, kwa sababu mishipa inayopeleka damu miguuni imejipanua. Faida huja anapokwisha kusimama. Mishipa iliyofunguka haifungi mara moja, na presha hushuka chini ya ilipokuwa kabla hajaanza. Hali hiyo hudumu kwa saa kadhaa, na kwa baadhi ya watu hukaribia siku nzima. Maana yake ni kwamba kila mzunguko wa mazoezi ni dozi yenye muda wake wa kufanya kazi, kama kidonge.

Anayeifungua mishipa ni gesi. Damu inapopita kwa kasi husugua utando wa ndani wa mshipa, na utando hujibu kwa kutoa nitriki oksaidi, ambayo huilegeza misuli iliyouzunguka mshipa. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuieleza kazi ya gesi hiyo. (Wazee wa barazani watapenda kusikia kwamba Viagra nayo hupitia njia hiyohiyo. Kwa hiyo mzee anayetembea kila jioni anajitengenezea kidogo cha ile anayoinunua kwa siri.) Mazoezi yakirudiwa wiki baada ya wiki, mabadiliko huzama zaidi. Neva zinazouweka mwili katika hali ya tahadhari hutulia, na mishipa ambayo hubana kila inapoamriwa hupata nafuu. Figo hupunguza homoni ya renini, ambayo huanzisha mlolongo wa kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Ukuta wa mshipa hurudisha mnepo. Na kama uzito umepungua njiani, kila kilo moja huondoka na takriban milimita moja ya presha. Ukiacha, faida yote hurudi ilikotoka ndani ya wiki chache. Mwili hauna akiba ya mazoezi ya mwaka juzi.

Kiasi gani basi? Hapa tutumie namba, maana maneno matupu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Véronique Cornelissen na Neil Smart walikusanya majaribio mengi mwaka 2013 wakakuta kwamba kwa watu wenye presha tayari, mazoezi ya pumzi kama kutembea haraka, kukimbia na kuendesha baiskeli hushusha namba ya juu kwa takriban milimita 8 na ya chini kwa 5. Kwa asiye na presha ushukaji ni mdogo zaidi, jambo ambalo ni la heri: dawa hii humshusha zaidi aliyepanda zaidi. Mwaka 2021 jaribio moja la Ureno liliwachukua watu 60 ambao presha zao zilikuwa zimekataa kushuka hata kwa dawa kadhaa. Waliofanya mazoezi ya pumzi dakika 40 mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, walishuka milimita 7 kwa kipimo cha saa 24 kuliko wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida.

Milimita 7 au 8 zinaonekana kidogo kwa mtu aliye kwenye 170. Lakini mwaka huohuo wa 2021 uchambuzi wa majaribio 48 ya dawa, yenye washiriki karibu 345,000, ulionyesha kwamba kila milimita 5 zinazopunguzwa kwenye namba ya juu hupunguza kiharusi, shambulio la moyo na matukio mengine makubwa ya aina hiyo kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo si kidogo.

Je, mazoezi yanalingana na dawa? Mwaka 2018 Huseyin Naci na wenzake waliweka mezani majaribio 391, karibu nusu ya mazoezi na nusu ya dawa, wakaona kwamba kwa wenye presha ya juu mazoezi yanashusha sawa na aina nyingi za dawa. Vichwa vya habari vilishangilia. Mimi naomba tusogee taratibu. Majaribio yale hayakuwakutanisha mtembeaji na mnywaji wa kidonge uwanja mmoja. Watafiti walilinganisha mechi zilizochezwa viwanja tofauti, na wenyewe walionya hivyo. Tena dawa zimepimwa hadi mwisho: nani alipata kiharusi, nani alikufa. Majaribio ya mazoezi kwa sehemu kubwa yameishia kwenye mashine ya presha. Anayetupa kidonge kwa sababu ameanza kukimbia anacheza na kichwa chake. Namba ikishuka ikakaa chini, daktari ndiye atakayepunguza dozi, na wapo wanaopunguziwa.

Jambo lililowashtua hata wataalamu lilikuja mwaka 2023. Jamie Edwards na wenzake wa Uingereza walichambua majaribio 270 yenye watu wapatao 15,800. Mazoezi ya pumzi yalishusha namba ya juu kwa milimita 4 na nusu hivi, kunyanyua vyuma kadhalika, kuchanganya hayo mawili 6. Aliyeongoza, kwa milimita 8, ni zoezi ambalo mtu hasogei kabisa: kukaza misuli na kuganda. Mfano wake mkuu ni kuketi kwenye kiti ambacho hakipo. Unaegemeza mgongo ukutani, unashuka hadi mapaja yakaribie kulala, unabaki hapo dakika 2. Unapumzika dakika 2, unarudia mpaka mara nne, siku tatu kwa wiki. Inaaminika kwamba misuli iliyokazwa huibana mishipa, na inapoachiliwa damu hurudi kwa kishindo, ule msuguano ukafanya kazi yake. Majaribio ya aina hii bado si mengi, na miongozo mingi inatanguliza kutembea. Lakini halihitaji viatu, uwanja wala kuvuka barabara, na kwa mama asiyetoka nje ya ua hilo si jambo dogo.

Sasa jembe. Mtafiti wa Denmaki, Andreas Holtermann, amekuwa akiandika kuhusu kinachoitwa kitendawili cha kazi ya nguvu: anayejishughulisha wakati wa mapumziko moyo wake hunufaika, ila anayejishughulisha kwa sababu ni kazi yake hanufaiki vilevile, na pengine huumia. Mfikirie msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Anaanza alfajiri, mzigo wake ni wa kuvuta kwa kubana pumzi, mwendo ni wa kusimama na kuanza, jua liko kichwani, na hana ruhusa ya kusema amechoka. Mapigo ya moyo yako juu kwa saa nane au kumi, na presha nayo inakaa juu kutwa bila kupata ule mteremko wa baadaye. Anayekimbia dakika 30 anapandisha moyo kwa muda mfupi, kwa mdundo mmoja, kisha anaoga na kupumzika. Mwili wa pili umepewa mafunzo. Wa kwanza umetumiwa.

Wapo wanaopinga. Wanasema mbeba mizigo ni maskini, analala vibaya, huenda anavuta sigara na kunywa, na hesabu haiwezi kuyatenga hayo yote na mzigo wenyewe. Tena data nyingi ni za Ulaya. Nakubaliana nao nusu. Mhadzabe naye anafanya kazi, na kazi hiyo haijamdhuru. Ila anatembea kwa mwendo wake, anapumzika akichoka, na hali chumvi ya pakiti. Nadhani jasho lenyewe lina makosa madogo kuliko masharti linamotokea: mzigo kupita kiasi, pumzi iliyobanwa, mapumziko yasiyokuwepo, na chakula kinachomsubiri mtu nyumbani. Jembe la shangazi si bure. Bila hilo huenda faili lingefunguliwa miaka kumi mapema. Lakini anainama na kukaza siku za msimu, kisha miezi ya kiangazi anakaa, na mboga yake ni nguru wa chumvi kutoka Tanga. Kumwambia "fanya mazoezi" bila kumuuliza hayo ni kumwandikia dawa bila kumpima.

Tuandike basi hiyo bahasha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kati, au nusu yake kwa mwendo mkali, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Kwa lugha ya mfamasia: kutembea haraka, dakika 30, siku tano. Haraka maana yake unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Kipimo hicho ni bora kuliko kuhesabu mapigo, hasa kwa anayetumia atenololi na dawa za jamii yake, ambazo huyafunga mapigo yasipande hata kama umechoka. Kasi ina uzito wake. Utafiti wa mwaka 2024 uliowafunga vifaa watu karibu 15,000 ulikuta kwamba dakika 5 tu za ziada kwa siku za kupanda ngazi, kukimbia au kuendesha baiskeli zinaambatana na presha ya chini kidogo, milimita 0.7 hivi, wakati matembezi ya kujiburuza yalihitaji muda mrefu zaidi kuonyesha kitu.

Nyuma ya bahasha kuna tahadhari. Aliye juu ya 180 kwa 110 asianze kukimbia, atibiwe kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni amri ya kusimama. Usikatishe ghafla, tembea pole dakika chache mpaka moyo utulie. Anayetumia dawa za kukojoza katika joto la pwani anywe maji na achague alfajiri. Na wapenzi wa vyuma wasibane pumzi. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliingiza mirija ndani ya mishipa ya wanyanyua vyuma wakati wanasukuma mizigo mizito kwa miguu: wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja akapita 480 kwa 350. Walikuwa vijana wenye afya. Babu asijaribu kumwonyesha mjukuu.

Serikali zetu si kwamba hazijasikia. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi Tanzania nzima. Zanzibar kila tarehe 1 Januari viongozi huvaa fulana na kutembea pamoja na vikundi vya mazoezi. Kigali tangu mwaka 2016 hufunga barabara zake kwa magari baadhi ya Jumapili, na palepale wanaotembea hupimwa presha na sukari bila malipo, jambo ambalo naona ni akili zaidi ya yote. Burundi ilikwenda upande wake: Machi 2014 serikali ilipiga marufuku mbio za vikundi, zilizokuwa desturi ya wikendi Bujumbura, ikihofia kwamba wakimbiaji wanapanga uasi.

Ninachokosa katika sherehe hizi ni hesabu. Kama mteremko wa presha baada ya mazoezi hudumu siku moja, Jumamosi moja kwa mwezi ni siku 12 za nafuu kwa mwaka. Hakuna daktari ambaye angeandika kidonge cha namna hiyo. Shule zetu ziliwahi kulijua jambo hili bila utafiti wowote: mchakamchaka ulikuwa kila asubuhi, na nyimbo juu yake. Kisha tukahitimu, na barabara za kwenda kazini hazina njia ya waenda kwa miguu. Palipo nayo, imepangwa mitumba au imepandwa na bodaboda. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lilipofunguliwa mwaka 2022, lilijaa wakimbiaji wa asubuhi bila kampeni yoyote. Watu hawakuhitaji kuhamasishwa. Walihitaji mahali tambarare ambapo gari haliwagongi. Wanawake wanahitaji zaidi ya hapo: giza la alfajiri linalomfaa mwanamume si salama kwao, na mama akionekana anakimbia mtaani wapo watakaouliza anamkimbia nani. Ndiyo maana wengi wao huonekana kwa makundi. Kundi ni ulinzi, na pia ni saa ya kuamshana, kwa kuwa kidonge unaweza kukinywa peke yako lakini kutembea peke yako siku ya 40 ni kazi.

Nilirudi Korogwe mwezi mmoja baada ya kliniki. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempima shangazi mara mbili, dawa ilikuwa imeshusha namba zake, na akasema ajaribu mazoezi polepole. Nikamwonyesha kile kiti kisichokuwepo, kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Wajukuu walihesabu kwa sauti. Alifika 35, akaporomoka akicheka, akasema palizi ya shamba zima haijawahi kumtetemesha mapaja namna ile. Nguru wa chumvi tulikubaliana aloweke usiku kucha na kumwaga maji, si kwamba aliridhika. Kisha nikachukua kibahasha cha amlodipine, dawa yake ya presha, nikakigeuza, nikaandika nyuma: ukutani, mara 4, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kutembea hadi kwa dada na kurudi, bila mzigo, siku zilizobaki. Nikamsomea. Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la khanga, akaniuliza kama ni kabla ya kula au baada ya kula.